Dawa ya kulinda seli za ubongo siuzi, na mtu asiwadanganye

Bwana Mhariri,

Asalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii kama lazima muikate, ikateni hapa kwenye salamu, maneno yenyewe yako mbele.

Nina duka la dawa hapa Amu, yani Lamu, upande wa Langoni, na kuna jambo limenichosha. Anakuja kijana katumwa, mkononi simu, kwenye simu kuna picha ya boksi la dawa au jina tu limeandikwa na jamaa yao aliyeko Mombasa ama Dubai, ananiambia ami naomba hii, babu kapigwa na stroki, yani kiharusi, na tumeambiwa hii inalinda seli za ubongo zisife. Mara ni sitikolini, mara zile sindano za vitamini za neva, mara dripu ambayo hata sijawahi kuiona. Pesa zishachangwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo na sio pesa kidogo. Mimi swali langu la kwanza ni moja tu, ilianza saa ngapi? Najibiwa juzi. Au jana asubuhi. Na mgonjwa yuko wapi sa hii? Nyumbani, wanamsugua mkono na mafuta ya habasoda na mwalimu ameitwa kumsomea.

Sina neno na kusomewa, dua ni haki ya mgonjwa na mimi wangu akiugua nitamwita mwalimu huyo huyo. Ila dua inasomeka hata ndani ya boti ya kumpeleka hospitali.

Hebu nieleze kinachotokea kule ndani, manake watu wakijua hawatapanga foleni kwangu. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala, unaishi kwa damu inayopita sasa hivi. Kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Zikishuka chini ya 20 hivi, seli zinanyamaza, hazifanyi kazi lakini hazijafa, na hapo ndipo mkono unalegea, mdomo unakwenda upande na maneno hayaeleweki. Zikishuka chini ya 10 ndio zinaanza kufa, na ni mambo ya dakika. Kwa hivyo mshipa ukiziba panakuwa na kiini ambacho kimekwisha, na pembeni yake kuna eneo wataalamu wanaliita penumbra, linapata damu kidogo kidogo kutoka mishipa ya jirani, limezimia lakini liko hai. Ni kama miamba maji yakipwa, juu panakauka hapo hapo lakini kwenye vidimbwi samaki wadogo bado wanacheza, maji yakirudi mapema wanaokoka, yakichelewa jua linawamaliza. Hiyo penumbra ndio mali yote inayopiganiwa. Kiini hakirudi hata ulete dawa kutoka wapi.

Na ubaya ni kwamba seli ikifa inavuta na wenzake. Ikikosa oksijeni na sukari nguvu zinaisha, zile pampu zinazotoa chumvi nje zinasimama, sodiamu inaingia na maji yanafuata, seli inavimba. Halafu inamwaga glutameti, ambayo siku za kawaida ni kemikali ya seli moja kuongea na jirani yake, lakini ikimwagika nyingi namna hiyo inawafungulia majirani milango ya kalisiamu, kalisiamu inajaa ndani, inaamsha vimeng'enya ambavyo vinaanza kuila seli yenyewe, mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, zinaharibika, na jirani ambaye alikuwa bado ana damu kidogo naye anaondoka. Baadae inakuja kinga ya mwili na vurugu zake, sehemu inavimba siku kadhaa. Hata damu ikirudi, na lazima irudi, ile oksijeni inayoingia kwa ghafla inazalisha radikali huru, chembe kali za kemikali, ambazo nazo zinachoma. Sasa weka saa hapo. Mwaka 2006 Dkt Jeffrey Saver wa chuo kikuu cha California kule Los Angeles alipiga hesabu akaona mshipa mkubwa ukiziba na mtu asitibiwe, kwa wastani zinakufa seli za neva milioni 1.9 kila dakika moja, na kila saa ikipita ubongo umezeeka kama miaka 3.6. Ni wastani lakini, kuna mtu mishipa yake ya pembeni ni mizuri anavumilia, na mwengine anakwisha haraka.

Mtu mwenye akili atasema, bas kama njia yote inajulikana si tuweke dawa pale kwenye mlango wa kalisiamu, au dawa ya kunyonya hizo radikali? Ndivyo walivyofikiri wanasayansi pia na wamejaribu mno. Mwaka huo huo wa 2006 kuna walioketi wakahesabu, wakakuta matibabu 1,026 yamejaribiwa kwa ajili ya stroki, maabara na kwa watu. Elfu moja na zaidi, Bwana Mhariri! Panya walipona sana. Binadamu ndio mtihani. Kulikuwa na dawa inaitwa NXY-059, utafiti wa kwanza 2006 ulileta matumaini makubwa, wakarudia kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 matokeo yakatoka 2007, hakuna kitu. Sitikolini, hiyo hiyo ninayoletewa picha zake, ilijaribiwa Ulaya kwa wagonjwa 2,298, majibu yakatoka 2012, waliopewa na wasiopewa hawakuwa na tofauti. Wakasema labda tatizo ni kuchelewa, wakachukua madini ya magnesi wakawapa wahudumu wa ambulensi kule Los Angeles wawachome wagonjwa 1,700 njiani kabla hata ya kufika hospitali, nusu yao walichomwa ndani ya dakika 45 tangu ugonjwa uanze, yani huwezi kupata mbio zaidi ya hizo, na 2015 ikatangazwa kwamba haikusaidia.

Kwa nini panya apone na babu asipone? Panya wa maabara ni kijana, hana presha, hana sukari, anapewa dawa dakika chache baada ya mshipa kufungwa, mara nyingine hata kabla haujafungwa. Babu ana miaka sabini na kitu, presha anayo, sukari anayo, dawa zake za kila siku anazinywa akikumbuka, na sisi tumekuja kutafuta dawa kesho yake. Halafu dawa yoyote inasafiri ndani ya damu, pale ambapo damu haipiti hiyo dawa itapitia wapi?

Sisemi mlango umefungwa milele. Wajapani wanatumia dawa ya edaravoni kwa stroki tangu 2001, Wachina nao wana yao waliyoichanganya na kitu kingine, na utafiti unaendelea. Lakini kati ya kitu kinachochunguzwa na kitu cha kuuza nyumba ya urithi ukanunue kuna umbali mkubwa.

Na hili wacha niliseme kwa sababu ya mji wetu. Ile sindano inayoitwa Cerebrolysin, ambayo inasifiwa sana kwenye video zinazozunguka, inatengenezwa kutokana na ubongo wa nguruwe. Mambo ya dharura na halali na haramu ni ya mashekhe sio yangu, mimi nasema tu mnunuzi anafaa aambiwe kabla hajatoa pesa. Na kitabibu pia, Cochrane, wale wanaokusanya tafiti zote na kuzipima pamoja, waliipitia wakaona haielekei kupunguza vifo vya stroki. Kwa hiyo hata hiyo dharura yenyewe iko wapi.

Kinacholinda seli za ubongo mpaka leo ni kurudisha damu. Kuna alteplezi, dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa, Marekani iliikubali kwa stroki mwaka 1996 kwa masaa 3 ya mwanzo, na 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza mpaka masaa 4 na nusu. Tangu 2015 imethibitika pia unaweza kupitisha waya kutoka kwenye nyonga mpaka kichwani ukalivuta donge lenyewe, na 2018 ikaonekana wengine waliochaguliwa kwa picha wanaweza kusaidika mpaka masaa 24, ila hiyo ni kazi ya hospitali chache kubwa. Sasa mtego ni huu, sio kila stroki ni donge. Nyingine mshipa umepasuka damu inavuja, na huku kwetu Afrika za kupasuka ni nyingi kuliko Ulaya kwa sababu ya presha isiyotibiwa. Kwa macho hazitofautiki, mdomo unapinda vile vile. Dawa ya kuyeyusha donge ukimpa wa kuvuja unaweza kumuua. Ndio maana lazima skani ya CT, ile picha ya ndani ya kichwa, kwanza, na ndio maana mimi kwenye duka langu siwezi kukupa chochote cha maana, hata ungekuja na gunia la pesa.

Hata aspirini, watu hawapendi nikisema hivi. Kuna fikra kwamba aspirini inafanya damu iwe nyepesi kwa hiyo mpe haraka. Kabla ya skani usimpe. Nyingine mbaya zaidi ni ile ya kupima presha, kukuta 190, mtu anakimbia na kidonge cha presha cha nifedipini anakitoboa anamminia chini ya ulimi. Jamani! Mshipa umeziba, ubongo unajaribu kusukuma damu kwa nguvu zote ifike kwenye ile penumbra kupitia vijia vya pembeni, presha imepanda kwa sababu hiyo, wewe unaishusha kwa kishindo, yani ile damu kidogo iliyobaki umeikata mwenyewe. Kwa stroki ya donge ambayo haipewi dawa ya kuyeyusha, miongozo inawaambia madaktari wasiikimbilie presha mpaka ipite 220 kwa 120. Kwa ile ya kuvuja hesabu ni nyengine kabisa, inashushwa, lakini na daktari na baada ya picha. Nisieleweke vibaya, tembe za presha za kila siku mtu azinywe, tena ndio kinga kubwa kuliko zote, nazungumzia ile saa ya stroki yenyewe.

Kutoboa vidole vya mkono kwa sindano damu itoke, ile mesej ya WhatsApp inayorudi kila mwaka kama kusi, ni uongo mtupu na inakula dakika. Barafu nayo, kuna waliosikia kwamba ubongo ukipozwa unapona wakaenda kuchukua barafu ya samaki. Ni kweli kuna kupoza watoto waliozaliwa wakakosa hewa, nchi tajiri wanawashusha joto mpaka nyuzi 33.5 kwa masaa 72 ndani ya chumba cha mashine na wauguzi juu yao, lakini hiyo hiyo ilipojaribiwa hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, majibu ya 2021 yalionyesha vifo viliongezeka kwa waliopozwa. Kama hospitali nzima imeshindwa, wewe na barafu ya changu utaweza?

Nakuja kwenye kitu ambacho natamani mngekipa ukurasa mzima. Australia, jimbo la New South Wales, walichukua wodi 19 za stroki, nusu wakawafundisha wauguzi, sio madaktari, wauguzi, mambo matatu kwa siku tatu za mwanzo. Pima joto kila baada ya masaa manne, likifika 37.5 litibu. Pima sukari, ikiwa juu itibu. Na usimpe mgonjwa chochote mdomoni mpaka umjaribu kama anaweza kumeza. Bas. Hakuna dawa mpya hata moja. Matokeo yalichapishwa 2011, baada ya siku 90 waliokufa au kubaki wa kutegemea watu walikuwa asilimia 42 kwenye wodi zilizofundishwa, na asilimia 58 kwenye wodi nyengine. Katika zile 1,026 nionyeshe moja iliyofanya hivyo.

Na ukifikiria inaingia akilini. Homa inaongeza njaa ya seli ambazo tayari hazina chakula. Sukari ya juu inazidisha asidi kwenye seli zilizokosa hewa na kuongeza uvimbe, na ikiwa chini kabisa inaweza kuiga stroki, mtu mdomo umepinda mkono umelegea, kumbe ni sukari tu na anahitaji glukosi sio boti ya Mokowe, gati ya kule bara. Na kumeza, hapa ndio mapenzi yetu yanaua. Mgonjwa hajala tangu asubuhi, bibi anamwinua anamnywesha uji kwa kijiko, koo limepooza upande mmoja, uji unakwenda kwenye mapafu, siku ya tatu ana nimonia, na nimonia inaleta homa, na homa inarudi kumalizia ubongo. Watu wanasema stroki ilimzidi. Uji ndio ulimzidi.

Kipima joto nauza mimi na sio ghali. Mashine ya kupima sukari na vijiti vyake pia. Kwenye vituo vya afya vya Faza, Kizingitini, Siyu na Kiunga, hivi ndivyo vitu vya kuwekwa kabla ya kufikiria dawa yoyote yenye picha ya kichwa kwenye boksi. Naona kwenye mabajeti kuna vitu vikubwa vikubwa na kupigwa picha, sipingi, lakini vijiti vya sukari vikiisha nani huuliza?

Sasa usafiri. Mwenzetu wa Nairobi akiambiwa masaa manne na nusu anaona ni muda mrefu. Akae Kizingitini, kisiwa cha Pate. Mtu kaanguka usiku, boti gani ipo, petroli ipo, nahodha ni nani, na Mkanda, ule mkondo kati ya kisiwa cha Manda na bara, una maji ama umekauka? Maji yakipwa hupiti pale, unangoja yajae au unazunguka nje bahari kuu, na kusi ikivuma na mgonjwa hajijui ndani ya boti ndogo hiyo safari wengi hawaithubutu, na siwalaumu. Ukifika Amu mgonjwa anabebwa kwa mkokoteni au machela kwenye vichochoro, halafu kama anapelekwa mbele ni Mokowe, barabara ya Garsen ambayo usiku mnaijua wenyewe, zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa. Ndege ya Manda ni mchana na ni kwa mwenye nazo.

Ndio maana naomba familia jambo moja ambalo halina gharama, shikeni saa. Sio saa mliyomkuta ameanguka, ni saa ya mwisho alipoonekana mzima. Kama aliswali isha akala akalala vizuri, na alfajiri mkamkuta hasemi, saa yake inahesabiwa tangu isha, sio alfajiri. Mwambieni daktari hivyo hivyo, alikuwa mzima baada ya isha, huku Amu sote tunaijua isha ni saa ngapi. Andikeni kwenye simu kabla hamjaanza kupigiana, manake baada ya watu kumi kuingia chumbani kila mmoja ana saa yake. Na mkija, njooni na dawa zake zote anazotumia kwenye mfuko, hasa kama kuna ya kuzuia damu isigande.

Manahodha nao wanajua majedwali ya maji kuliko mtu yeyote serikalini. Bamvua lini, maji mafu lini, Mkanda unapitika kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Kwa nini kila kisiwa kisiwe na orodha ya manahodha wa zamu ya usiku, na mafuta ya dharura yamewekwa mahali na ufunguo unajulikana uko kwa nani? Wapo wanaobeba mgonjwa kwa imani tu na kesho yake wanazunguka kudai pesa ya petroli, aibu hiyo ni yetu sote.

Kwa hivyo kupitia gazeti lenu nauliza idara ya afya ya kaunti, na nimeuliza kwa mdomo nikajibiwa nitapigiwa. Mgonjwa wa stroki akitoka kisiwa cha Pate saa nane za usiku, nambari ya simu ya boti ni ipi, na inapokelewa? Skani iliyo karibu naye zaidi inayofanya kazi usiku iko wapi, na picha inasomwa na nani usiku huo? Dawa ya kuyeyusha donge inapatikana wapi kwanza, Malindi, Mombasa, au hakuna, tuambiwe tu tujue safari inaelekea wapi? Majibu yakija, hata yakiwa mabaya, nitayachapa karatasi kubwa niyabandike mlangoni kwangu na pale gatini, na atakayekuja na picha ya boksi nitamwonyesha asome.

Mwenye duka la dawa,
Langoni, Lamu.